Kichupa cha Siku ya Géza

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumatatu, Bakos Sarolta alisimama mbele ya friza namba nne akivaa glavu za mpira zilizompwaya. Kamati ingekaa saa tisa alasiri. Ikimkuta Szalay Csenge na hatia ya kubuni matokeo, binti huyo angevuliwa shahada yake ya uzamivu siku hiyo hiyo, na hakuna maabara kutoka Szeged mpaka Lisbon ambayo ingempa hata kazi ya kuosha chupa.

Bakos alikuwa amekaa polisi miaka ishirini na miwili, kitengo cha hati za kughushi. Sasa alikuwa mpelelezi wa kamati ya maadili ya utafiti, kazi ambayo wenzake wa zamani waliiita pensheni yenye ofisi. Wacha waseme. Matapeli wa hundi walau walitoa jasho ukiwabana. Wasomi humkaanga mwenzao kwa sauti ya chini huku wakikusogezea sukari.

"Ukifungua, nihesabie sekunde," alimwambia Temesi Zalán.

"Ikizidi sitini king'ora kitalia."

"Kilie. Mimi nataka kuona unapotia mkono."

Zalán alikuwa msimamizi mpya wa maabara, kijana wa miaka thelathini na minne, shati limepigwa pasi hata pale ambapo hapaonekani. Alifungua, mvuke mweupe ukamwagika miguuni mwao, akavuta kisanduku kimoja bila kupapasa. Vichupa vyote vilikuwa na lebo nyeupe za mashine zilizonyooka, tarehe juu, msimbo chini. Bakos alipenda unadhifu. Ulimrahisishia kuona kilichopinda.

"Hiki," Zalán alisema, akakilaza juu ya barafu kavu. Lebo ilisema 26 Februari 2020. "Ndicho nilichotumia kwenye jaribio la kamati wiki mbili zilizopita. Mashahidi wawili walisimama pale uliposimama wewe. Hakuna mstari hata mmoja."

"Kwa nini mlichagua hiki?"

"Kwa sababu tulimhurumia."

Huruma hiyo ilikuwa ukurasa wa kumi na moja wa jalada, na Bakos alikuwa ameusoma mara tatu. Ndani ya seli kuna protini ambayo watu wa maabara ile waliiita Kondakta, kwa kuwa kazi yake ni kuhakikisha kila kifurushi kinapanda tramu yake na kushuka kituo chake. Csenge alikuwa ameandika kwamba katika seli za Kincső, mtoto wa miaka minne ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kumkataa, Kondakta hayupo kabisa. Protini haionekani kwa macho. Ili uione unahitaji kingamwili ya kuikamata na kuacha mstari mweusi kwenye filamu, na kingamwili ya Csenge ilitoka katika seramu, yaani maji ya damu, ya sungura aliyechanjwa kwa kipande cha huyo Kondakta. Kamati ilirudia jaribio. Kwa Kincső hakukuwa na mstari. Kwa mama yake hakukuwa na mstari, kwa baba yake hakukuwa, na kwa mgeni mzima wa afya hakukuwa. Seramu isiyomwona yeyote haiwezi kuthibitisha kwamba mmoja hayupo.

La pili lilikuwa baya zaidi. Daftari la Csenge lilitaja seramu ya tarehe 25 Februari 2020. Daftari la nyumba ya sungura, lenye mhuri wa daktari wa mifugo kila ukurasa, halikuwa na damu yoyote tarehe 25. Wiki ile ilikuwa na damu mbili tu. Tarehe 26, sungura Málna, damu ya tatu baada ya chanjo. Tarehe 27, sungura Tücsök, damu ya kwanza kabla ya chanjo. Kamati ikasema labda binti aliteleza kwa siku moja, ikachukua kichupa cha tarehe 26. Hapo ndipo huruma ilipoishia.

"Lebo hizi ulizibandika lini?" Bakos aliuliza.

"Kiangazi cha mwaka jana. Zamani vichupa vyote viliandikwa kwa penseli, majina ya siku. Ágota, Dorottya, Bálint. Ukifungua friza unadhani umeingia kwenye arusi ya watu. Mwaka ulikuwa kwenye kisanduku. Nikabadili kila jina kuwa tarehe. Siku nne nzima, vidole vikafa ganzi."

Kwetu kila siku ya kalenda ina jina la mtu, na mwenye jina lake huletewa maua au chupa ya kinywaji siku hiyo, kwa hiyo Bakos hakuhitaji kufafanuliwa. "Na majina ya zamani uliyabandua?"

"Hayabanduki. Tepu ile imeshikana na plastiki. Nilibandika juu yake."

Bakos alipiga picha, akaandika saa, akachukua kiwembe. Lebo ya mashine ilitoka kwa shida kidogo. Chini yake palikuwa na tepu ya rangi ya krimu, na juu ya tepu, kwa penseli na mwandiko wa duara, neno moja tu: Edina.

Jedwali la kubadilishia lilining'inia mlangoni mwa friza ndani ya mfuko wa plastiki. Kidole cha Bakos kilishuka mpaka mwisho wa Februari. Mátyás, 24. Géza, 25. Edina, 26.

Lebo na jedwali vilikubaliana. Daftari la sungura lilisema tarehe 26 ni Málna. Kwa hiyo kichupa kilikuwa cha Málna, Málna hakumwona mtu yeyote, na Csenge alikuwa amekwisha.

Zalán hakuonyesha furaha. "Nilitaka awe amesema kweli," alisema. "Tulikuwa tukila mchana meza moja."

Csenge alikuwa chumba cha semina, koti mwilini, kana kwamba amekwisha kufukuzwa. Bakos alivuta kiti akakaa ubavuni mwake, si mbele yake. Tabia ya kitengo cha zamani: mtu wa hati za kughushi umtazame mikono.

"Tarehe 25 uliipata wapi?"

"Kwenye simu. Kichupa kiliandikwa Géza. Nikatafuta Géza ni lini, nikaandika."

"Hukuangalia daftari la sungura?"

"La hasha. Shangazi Vilma, tunavyomwita sote hapa, alinipa mkononi. Ukipewa kitu na shangazi Vilma huombi risiti."

"Huyo shangazi Vilma, kamati ilimwuliza?"

"Yeye ndiye aliyekuwa akiwatoa damu sungura. Amestaafu. Kamati inauliza karatasi."

"Na kwa nini usitumie kingamwili za kununua? Zipo kwenye katalogi."

Csenge alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nilinunua tatu. Kila moja inamshika Kondakta mahali pamoja tu, kwa kidole kimoja. Kama kwa Kincső mahali pale pamepinda, utasema hayupo kumbe yupo. Ile ya Málna ni mchanganyiko. Sungura mzima ametengeneza kingamwili za kila aina, hii inashika bega, hii kiatu, hii mkoba. Hiyo ikisema hayupo, hayupo." Akatazama dirishani. "Mama yake Kincső ana mimba ya miezi saba. Alikuwa akinipigia kila Ijumaa. Ofisi yenu imenikataza kupokea, na simu imeichukua."

Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya meza. Bakos alikuwa ameona mikono mingi ya waongo, na wengi wao hawajui pa kuiweka. Hilo halikuwa ushahidi, na alijua hivyo. Alitoka nje akampigia simu Vilma apande tramu inayofuata.

Gulyás Vilma alifika saa nne na nusu, mwanamke mfupi wa miaka sitini na minne, mashavu mekundu kwa baridi, mkononi chupa ya chai na mfuko wa karatasi wenye madoa ya mafuta.

"Pogácsa," alisema, akauweka mfuko wa vile vimkate vya chumvi juu ya meza ya maabara, kisha akauondoa haraka, kwa kuwa meza ya maabara si mahali pa chakula na yeye ndiye aliyewafundisha hivyo vizazi vitatu. "Géza wa langoni kanilazimisha. Kapanga chupa na sahani pale utadhani anagombea umeya."

"Ni siku ya jina lake," Zalán alisema.

"Ilikuwa jana," Bakos alisema. "Jana Jumapili, hakukuwa na mtu wa kumpongeza. Mama Vilma, nakuomba utazame kitu."

Alimsogezea kichupa kwenye barafu, lebo ya mashine imebanduliwa. Vilma alivaa miwani. Hakusoma jina kwanza. Alikipasha kwa vidole viwili mpaka kikaanza kuyeyuka, akakiinua dirishani, akakiinamisha kushoto, akakiinamisha kulia.

"Huyu si Málna," alisema.

"Umejuaje?"

"Damu ya tatu ya Málna ilikuwa na wekundu. Asubuhi ile alishtuka, mlango ulijibamiza, mshipa wa sikio ukatikisika kwenye sindano. Chembe zikapasuka. Seramu ikatoka ya waridi kama maji uliyooshea cheri. Nilisikitika, lakini kingamwili hazijali rangi. Hii ni njano safi. Huyu ni mnyama aliyetulia."

Zalán alikohoa. "Shangazi, miaka minne imepita. Umetoa damu sungura wangapi?"

"Mia mbili na kumi na moja. Wewe umetoa wangapi, mwanangu?"

"Hakuna, lakini—"

"Basi subiri."

Bakos alijizuia kutabasamu. Alikuwa amewahi kumjua mzee mmoja wa benki ambaye angekwambia noti ni ya kughushi kwa kuisikiliza ikikunjwa, na mahakama ilimcheka mpaka mashine ilipomkubali. Hata hivyo alitimiza wajibu wake. "Macho yako nayaamini, mama. Kamati haitayaamini. Umeandika Edina. Edina ni tarehe 26, na tarehe 26 ulimtoa damu Málna."

"Mimi tarehe sizijui. Nilitazama kalenda ya ukutani kule kwa sungura, ile ya kuchana karatasi kila siku, nikaandika jina lililokuwapo. Siku moja, sungura mmoja, jina moja. Sikuwahi kuchanganya."

"Kwa nini majina?"

"Kwa sababu tarakimu zinaganda. Moja na saba, tatu na nane, barafu ikishika hujui ipi ni ipi. Jina likifutika herufi mbili bado unalisoma. Bibi aliyenifundisha aliandika hivyo tangu mashine za kutenga damu zilipokuwa za kuzungusha kwa mkono." Vilma alikishusha kichupa. "Málna niliandika Géza. Nakumbuka kwa sababu jioni nilimpelekea Géza wa langoni kipande cha keki ya mbegu za popi, naye akaniuliza kwa nini nimelia. Damu ya tatu ndiyo ya mwisho, baada yake sungura huuawa. Málna ndiyo basi. Hata ukimchanja sungura mwingine kwa kipande kile kile, atakupa mchanganyiko mwingine. Sungura hawarudiwi."

Bakos alimgeukia Zalán. "Kichupa kilichoandikwa Géza kiko wapi?"

Zalán alibadilika rangi polepole, kuanzia kwenye kola. "Kilipata lebo ya tarehe 25. Kilikuwa kimoja tu kimebaki. Tarehe 25 haina damu daftarini. Kichupa kisicho na damu daftarini ni yatima, hakiruhusiwi hata kwenye jaribio. Yatima wote niliwaweka kwenye friza ya chini, sanduku la kuchomwa."

"Linachomwa lini?"

"Gari linakuja leo. Saa tano."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika nane. Bakos hakuwa amekimbia ngazi tangu aache polisi, na magoti yake yalimkumbusha hivyo kila kipandio. Zalán alimpita kwenye ghorofa ya pili. Vilma alibaki juu, akaanza kuchanganya maziwa ya unga kwenye maji ya chumvi, yale ya kuzimulia seramu kwenye jaribio, kwa sababu yeye alikwisha amua kichupa kitapatikana.

Gari lilikuwa langoni, milango ya nyuma imefungwa, injini inanguruma. Dereva hakuwa ndani. Alikuwa kibandani kwa Géza, sahani magotini, shavu moja limejaa, na Géza, bawabu mwenye masharubu ya miaka ya zamani, alikuwa akimwongezea pogácsa ya nne.

"Mwache ale, Inspekta," Géza alisema alipomwona Bakos anahema. "Mke wangu katia mafuta ya nguruwe ya nyumbani. Huyu alitaka kusaini na kuondoka bila kuonja. Siku yangu ya jina, mtu anapita langoni mwangu na tumbo tupu? Haiwezekani."

"Asante, Mzee Géza. Asante sana. Zalán, fungua hilo gari." Bakos aliegemea mlango. "Na hongera ya jana."

"Jana?"

"Siku yako ya jina."

"Jana alikuwa Mátyás," Géza alisema, na ilionekana ni jeraha la zamani. "Kila mara ni hivi hivi. Mwaka huu ni mrefu, Inspekta. Siku ya ziada wameipachika tarehe 24, haina jina, ni pengo tu, na sisi wote wa nyuma yake tunasukumwa. Mátyás 25, mimi 26, Edina 27. Kila baada ya miaka minne nusu ya jengo linanipongeza siku moja kabla, na mimi nawaambia, njooni kesho. Nikipokea chupa mapema inaleta mkosi."

Bakos alisimama wima. Alikuwa ameishi miaka hamsini na mitatu katika nchi hii, na alikuwa na binamu aitwaye Elemér ambaye hupongezwa tarehe 29 kila mwaka mrefu na kulalamika miaka mingine yote. Alijua jambo hili tangu shule ya msingi. Lilikuwa limemponyoka kama lilivyowaponyoka wasomi wote ghorofani.

"Mwaka 2020," alisema. "Ulikuwa mrefu."

"Ulikuwa mrefu kwa kila namna," Géza alisema.

Basi hesabu ikajipanga yenyewe. Februari ile, kalenda ya ukutani kwa sungura ilisema Géza siku ya tarehe 26 na Edina siku ya tarehe 27. Vilma aliandika alichokiona, na hakukosea. Csenge alitafuta Géza kwenye simu mwaka mfupi, akapata 25, akaandika. Zalán alibadili majina kiangazi cha mwaka jana, mwaka mfupi, kwa jedwali la mwaka mfupi, na kila kichupa cha mwisho wa Februari ile kikarudi nyuma siku moja. Kamati ilipotaka tarehe 26 ilipewa Edina, na Edina ni damu ya tarehe 27, damu ya Tücsök, sungura ambaye hakuwa amechanjwa na hakuwahi kumsikia Kondakta. Málna alikuwa amepewa tarehe isiyo na damu, akaitwa yatima, akapelekwa kuchomwa.

Zalán alikuwa amepiga magoti ndani ya gari, sanduku la njano wazi mbele yake. Alisikia yote. Alinyanyua kichupa kimoja kidogo na kukiweka kwenye barafu.

"Nibandue?"

"Subiri picha. Dereva, njoo uwe shahidi. Futa vidole kwanza."

Dereva alifuta vidole kwenye suruali. Lebo ya 25 Februari ilitoka kipande kimoja. Chini yake, penseli, mwandiko wa duara: Géza. Na ndani ya plastiki, kwenye kona iliyokuwa imeanza kuyeyuka, palikuwa na wekundu wa maji ya cheri.

"Yesu wangu," Zalán alisema. "Macho yake."

"Ndiyo," Bakos alisema. "Macho yake."

Bila jaribio, bado ilikuwa hadithi nzuri tu, na kamati husikia hadithi nzuri kila mwezi. Kabla ya kikao zilibaki saa kama tatu na nusu. Jaribio lote tangu mwanzo huchukua siku mbili. Lakini ule utando wa jaribio la kamati, ambao juu yake protini za watu wanne zilikuwa zimekwisha kupangwa kwenye njia zake, ulikuwa kwenye jokofu la ushahidi, umelala kwenye maji yake ndani ya bahasha yenye lakiri ya Bakos mwenyewe. Protini zilikuwapo. Siku ile ya jaribio zilipakwa rangi zikaonekana zote. Kilichokosekana ni wa kuzikamata.

"Utando ule ule uliomhukumu," Vilma alisema, akiupokea kwa koleo. "Vizuri. Hawatasema tumeupika."

Alimtaka Zalán atumie mkono wake mwenyewe, ili asije mtu kusema bibi kampendelea kipenzi chake. Zalán alijaribu mara mbili. Mikono ilimkataa. Hatimaye alisema mbele ya wote, "Nitasaini kwamba nimeona. Fanya wewe, shangazi," na Bakos akamheshimu kwa hilo kuliko kwa zile siku nne za lebo.

Ilipendeza kumtazama Vilma. Hakuwa na haraka na hakupoteza hata sekunde. Alichota mikrolita tano za Málna, tone dogo kuliko chozi la njiwa, akalizamisha ndani ya maziwa bila kutoa povu. Aliuweka utando kwenye bakuli la kutikisa na kugusa ukingo wa bakuli kwa kidole kidogo, kusikiliza mwendo. Alipoosha, aliosha mara tatu, kila mara dakika kumi na si tisa, na Zalán alipotazama saa yake kuhakiki, alimkuta amepishana nayo kwa sekunde nne tu. Kisha kingamwili ya pili, ile inayoishika kingamwili ya sungura na kuwaka ili filamu ipate mstari. Saa nane na dakika tano waliingia wote chumba cha giza: Vilma, Zalán, Bakos na Csenge, ambaye alikuwa amevua koti kwa mara ya kwanza.

Taa nyekundu. Vilma alilaza filamu juu ya utando, akahesabu kwa midomo mpaka sitini, akaichovya kwenye dawa.

Filamu ilikuwa kijivu, ikabaki kijivu kwa muda ambao Bakos aliuona mrefu kuliko kesi nzima. Kisha upande wa kulia kitu kikaanza kujichora.

"Njia ya nne," Csenge alisema. "Mgeni."

Mstari mmoja, mnene, mweusi, na hakuna uchafu juu yake wala chini yake. Málna alikuwa akimshika Kondakta kwa mikono yake yote.

"Njia ya kwanza. Mama."

Mstari mwembamba, nusu ya ule wa mgeni.

"Ya pili. Baba."

Mwembamba vile vile. Kila mzazi alikuwa na nusu yake, kama Csenge alivyoandika kwenye tasnifu, ukurasa wa themanini na tatu, na hakuna mtu wa kubuni ambaye angeweza kuutia mpango ule kwenye utando aliopakia mtu mwingine.

Vilma aliinua filamu kwa pembe moja, matone yakadondoka, akaiweka mbele ya taa. Csenge aliweka kidole pale penye njia ya tatu. Palikuwa peupe. Wiki mbili zilizopita njia zote nne zilikuwa hivyo na hazikumaanisha kitu. Sasa weupe ulikuwa wa mtoto mmoja peke yake.

"Hayupo," Csenge alisema. "Nilisema hayupo." Akalia, bila sauti. Alikuwa amesema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa ni hiyo. Zalán alisimama kando yake, mikono imening'inia. Alisema samahani mara moja, akaliacha hapo.

Bakos aliandika saa: nane na dakika kumi na saba. Aliandika majina ya mashahidi. Akaandika sentensi ambayo kamati ingeisoma kwanza, kwamba seramu iliyotumika awali haikuwa ile iliyotajwa, na kwamba kosa lilikuwa la jedwali, si la mtu. Kisha akafungua mkoba, akatoa bahasha yenye simu ya Csenge, akavunja lakiri mwenyewe na kumpa simu.

"Kikao ni saa tisa," alisema. "Una dakika arobaini. Nadhani kuna mama wa Ijumaa anayesubiri."

"Nimwambie nini?"

"Ulichokiona."

Nje ya chumba cha giza Vilma alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichupa cha Málna mbele yake, akigawanya kilichobaki. Kilitosha vichupa sita vidogo, kila kimoja jaribio moja. Baada ya hapo Málna angekuwa amekwisha duniani. Alikata vipande sita vya tepu ya krimu, akanoa penseli.

Géza, aliandika. Mwaka mrefu. Géza. Mwaka mrefu.

Kwenye cha sita aliandika hivyo hivyo, kisha akapiga mstari chini yake na kuuacha bila neno.

"Hapo panakuja nini, mama?" Bakos aliuliza.

"Jina la mdogo wake Kincső," Vilma alisema. "Akizaliwa Aprili tutampima kwa hiki, tumjue." Akakipuliza kichupa, akakipanga nyuma kabisa ya kisanduku, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki kwa bahati mbaya.